Laki mbili za darasa la Kiingereza: ningeanza na masikio

Swali:

"Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 4 katika shule ya msingi hapa Lamu. Nina watoto 52 kwenye chumba kimoja cha mawe, sakafu ya saruji, paa la mabati. Mtu aliyesoma shuleni kwetu zamani ametuletea shilingi 200,000 tuandae chumba cha kujifunzia Kiingereza. Wazazi wengi wanataka maabara ya lugha: kompyuta, hedifoni na projekta, kama walivyoona Mombasa. Mwalimu mwenzangu anataka tujaze kuta mabango na tupige marufuku Kiswahili ndani ya chumba hicho, atakayeteleza avalishwe kibao shingoni. Watoto wangu husoma maneno ubaoni vizuri tu. Nikiwasomea hadithi hawaishiki, na wakiandika huangusha mwisho wa maneno: 'he walk yesterday', 'two cat'. Nimerudia sarufi mpaka nimechoka. Tununue nini kwanza? Na je, kweli Kiswahili ndicho kinachotuharibia?"

Jibu:

Mwalimu, nimelisoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili jicho langu lilisimama pale pale: "he walk", "two cat". Umeyataja kama malalamiko ya sarufi, baada ya kueleza habari ya fedha. Mimi nadhani hapo ndipo ulipo ufunguo wa fedha zako. Naomba univumilie nieleze, kwa sababu ukikubaliana nami kuhusu sababu, orodha ya vitu vya kununua itajipanga yenyewe.

Tazama jinsi Kiswahili kinavyobeba habari zake. Kitabu, vitabu. Anasoma, alisoma, watasoma. Umoja na wingi, jana na kesho, yeye na wao, vyote vinakaa mwanzoni mwa neno. Kiswahili humpokea mgeni mlangoni na kumpa habari zote pale pale. Kiingereza humpitisha mpaka uani ndiyo aambiwe: walk, walks, walked; cat, cats. Tena ile alama ya uani ni konsonanti nyembamba, t au s au d, isiyo na irabu ya kuisukuma. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na irabu ndiyo sauti nene kuliko zote mdomoni. Mtoto wako wa Lamu ana masikio yaliyozoea, tangu kuzaliwa, kwamba mwisho wa neno unasikika wazi na kwamba mambo muhimu yamekwisha kusemwa mwanzoni. Kiingereza kinamgeuzia yote mawili kwa pamoja.

Sasa mtie mtoto huyo ndani ya chumba cha saruji na mabati. Mahali pa wazi, kila umbali kati ya msemaji na msikilizaji unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6. Chumbani kuta huirudisha, kwa hiyo mtoto wa nyuma anakusikia, ila anachosikia kimechanganyika na mwangwi wake. Irabu iliyotangulia bado inazunguka chini ya mabati wakati konsonanti ya mwisho inatoka mdomoni mwako, na inaifunika. Kwenye somo la Kiswahili hasara hiyo ni ndogo, mtoto anajazia mwenyewe. Kwenye Kiingereza, kilichofunikwa ni ile "-ed" na ile "-s" unayomlilia. Mtoto ataandikaje sauti ambayo haijawahi kumfikia?

Ndiyo sababu nasema ningeanza na masikio. Usiniamini kwa maneno tu, lijaribu mwenyewe. Asubuhi moja, kabla ya chochote kununuliwa, waambie watoto wachukue karatasi. Simama unaposimama siku zote, soma maneno kumi kwa sauti yako ya kawaida, bila kuyaandika ubaoni: cat, cap, cab, bed, bet, walk, walked, boat, boats, both. Wayaandike. Kusanya karatasi kwa safu, za mbele peke yake na za nyuma peke yake. Siku ya pili wabadilishe nafasi, wa nyuma waje mbele, urudie maneno yale yale kwa mpangilio mwingine. Nimelifanya jaribio hili katika madarasa mengi ya pwani. Malindi, msichana mmoja wa dawati la mwisho aliniandikia "cap" mara tatu, kwa cat, kwa cap na kwa cab. Mwalimu wake alikuwa amemweka nyuma kwa kuwa "ni mzito wa Kiingereza". Tulipomleta mbele alipata mawili kati ya matatu siku ile ile. Uzito ulikuwa wa chumba.

Kama safu zako za nyuma zitaanguka vivyo hivyo, basi piga kofi moja kubwa chumba kikiwa kitupu na usikilize. Kiwango ambacho Marekani wamejiwekea kwa darasa la kawaida lisilo na watu ni mwangwi ufifie ndani ya sekunde 0.6, na kelele za nyuma zisizidi desibeli 35. Huna kifaa cha kupimia na hukihitaji. Kofi likikujibu kwa mlio mrefu kama ndani ya birika, chumba kina kazi ya kufanywa. Wazee wetu wa Mji wa Kale walijenga kuta zenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na plasta ya kuchongwa, na ukuta wa namna ile huitawanya sauti. Ukuta mtupu uliosawazishwa kwa saruji huirudisha nzima nzima.

Dawa yake ni kitu kinene, laini, chenye matundu. Hapo niondoe dhana moja: trei za mayai hazisaidii. Ni nyembamba mno, na zikishika moto zinawaka kama karatasi, kwa kuwa ni karatasi. Sponji ya godoro vile vile, usiiweke ukutani penye watoto. Mkeka mmoja mwembamba uliogandishwa ukutani nao haufanyi mengi. Kinachofanya kazi kwa bei yetu ni usumba wa nazi uliochambuliwa, ukashindiliwa kwenye magunia mpaka unene wa sentimita tano hivi, ukashonewa fremu ya mbao, na fremu ikatundikwa ikiacha nafasi ya vidole vinne kati yake na ukuta. Nafasi ile ya nyuma nayo inasaidia: hewa iliyogusana na ukuta haitikisiki, ya mbali kidogo nao hutikisika zaidi, na usumba huila sauti pale hewa inapotikisika. Weka fremu hizo ukuta wa nyuma unaotazamana nawe, na sehemu za juu za kuta za pembeni. Ziwe mbali na nyaya za umeme na soketi. Ukitaka zipendeze, zivalishe mkeka wa ukili kwa mbele. Wasusi wa kijiji cha Matondoni, kisiwani hapo, hawashindwi kukusukia kwa vipimo vyako. Mabati wakati wa mvua ya masika sina dawa yake ndani ya laki mbili, dari ni fedha nyingine. Mvua ikianza kupiga, usishindane nayo kwa koo lako. Hicho kiwe kipindi cha kusoma kimya.

Na cha kusoma ndicho kitu cha pili, na hapa ndipo ningemwaga sehemu kubwa ya fedha. Mwaka 1980, huko Fiji, visiwani kama ninyi, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai waliziendea shule ndogo za vijijini, watoto wa darasa la nne na la tano, Kiingereza ni lugha ya darasani tu na nyumbani hakisemwi. Kila darasa walilipa vitabu vya hadithi vipatavyo 250, vyenye picha na visa vya kuvutia. Madarasa mengine walisoma kimya kila siku, mengine mwalimu alisoma nao kitabu kikubwa kwa pamoja. Baada ya mwaka mmoja watoto hao walikuwa wamepiga hatua ya kusoma karibu mara mbili ya wenzao waliobaki na masomo ya kawaida ya kurudiarudia miundo ya sentensi. Mwaka wa pili faida hiyo ilihamia kwenye kuandika na kwenye sarufi, ambayo hakuna aliyekuwa ameifundisha zaidi. Kila ninapolikumbuka tokeo hilo moyo wangu hufurahi, kwa sababu linawahusu watoto kama hawa wako, wa umri huu huu, mahali penye hali kama hii.

Sababu haifichiki. Mtoto aliyekosa kuisikia "-ed" mara elfu anaweza kuiona mara elfu. Kwenye hadithi kila kitu kimekwisha kutokea, kwa hiyo kila ukurasa umejaa walked, jumped, cried. Jicho linamletea sikio habari, na siku nyingine ukisoma kwa sauti sikio linajua pa kuitafuta. Hakuna zoezi la ubaoni linaloweza kumpa mtoto marudio ya wingi huo bila kumchosha, wala kukuchosha wewe.

Na wewe uko Gredi ya 4, mwalimu. Mpaka Gredi ya 3 mtaala wetu unaruhusu lugha ya mazingira ya mtoto ndiyo imfundishie, na Kiingereza ni somo mojawapo. Gredi ya 4 Kiingereza kinageuka kuwa lugha ya sayansi, ya hesabu, ya kila kitu. Watoto wako wamefika pale ngazi inapokatika ghafla, na wanahitaji vitabu rahisi kuliko unavyofikiri. Usione haya kununua vya Gredi ya 2. Mtoto akikutana na neno gumu kila mstari, hasomi tena, anafumbua tu. Vitabu vyembamba vya hadithi, ukivikadiria shilingi 300 kila kimoja, 250 vinakula 75,000. Nunua vingine nakala nne nne, wasome wanne pamoja. Viangalie visa vyao pia: mtoto wa Lamu atakishika haraka zaidi kitabu chenye bahari, punda na soko kuliko chenye theluji. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, unatoa hadithi bure kwenye intaneti, nyingi zikiwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia, na leseni yake inakuruhusu kuzichapisha. Chapisha kadhaa kwa lugha zote mbili. Mtoto asome ya Kiswahili leo, ya Kiingereza kesho.

Namna ya kuviweka ina uzito wake, hasa kwetu. Kabati la chuma litaota kutu, na kabati la mbao lililosukumwa ukutani litakuletea ukungu wakati wa kusi, na mchwa wakati wote. Fundi seremala akutengenezee rafu ya wazi, yenye miguu, isimame umbali wa kiganja kutoka ukutani. Juu yake funga kamba mbili tatu za mshipi kutoka pembe hadi pembe, ukitundika vitabu kwa kuvifungua katikati, majalada yakitazama darasa. Mtoto huchagua kitabu kwa jalada. Kikionyesha mgongo tu, hakichukuliwi, na vitabu vya hadithi vyembamba havina hata mgongo wa kusoma. Na waache waende navyo nyumbani. Najua hofu, vitapotea. Vichache vitapotea kweli, panga hasara hiyo tangu sasa. Nimeona makabati yaliyofungwa kwa kufuli yakiwa na vitabu vipya kabisa, vya miaka sita, vimeliwa na mchwa.

Nije kwa maabara ya wazazi. Usiwadharau, wanachotaka ni kitu kile kile unachotaka wewe, mtoto azungumze. Maabara za lugha si jambo geni. Marekani walipitisha sheria mwaka 1958 iliyomwaga fedha za serikali kwenye shule, na maelfu ya vyumba vya hedifoni na kanda vikajengwa. Miaka ya 1960 ikielekea kuisha, uchunguzi mkubwa wa jimbo la Pennsylvania ulilinganisha madarasa yenye maabara na yasiyo nazo, na maabara hazikuonyesha faida ya maana. Peru nao waligawa kompyuta ndogo kwa watoto wengi sana wa shule za msingi, na tathmini iliyotoka mwaka 2012 haikuona alama za lugha wala hesabu zikipanda. Mashine hazikuwa mbovu. Muda wa mtoto kusoma na kuzungumza haukuongezeka.

Kisha kuna chumvi ya hewa ya bahari. Shule moja visiwani, sitaitaja, ilinunua hedifoni ishirini. Nilifika baada ya misimu miwili, mwalimu akanifungulia kabati kwa unyonge: sponji zimemomonyoka, pini zimeota kutu ya kijani, saba tu ndizo zilizotoa sauti, na tatu kati ya hizo upande mmoja. Projekta nayo inataka giza. Ukifunga madirisha Lamu saa nne asubuhi na watoto 52 ndani, utakuwa umeondoa upepo ambao ndio unaowawezesha kukaa macho. Ningekushauri kifaa kimoja tu cha umeme: spika nzuri ya kuchaji, yenye nafasi ya flashi, ihifadhiwe kwenye debe la plastiki lenye mfuniko. Itumike kuwaletea sauti za watu wengine, wanawake kwa wanaume. Lakini iweke katikati ya chumba, usiiweke mbele, ili hakuna mtoto aliye mbali nayo.

Pengine utajiuliza kama matamshi yako mwenyewe yanatosha. Yanatosha. Hakuna haja ya kuiga Mwingereza. Tamka miisho yako wazi, ukiwatazama, mdomo wako ukionekana. Tena watoto wako wana akiba ambayo watoto wengi wa mahali pengine hawana. Kiswahili chao kina th ya thelathini na dh ya dhahabu, sauti mbili zinazowatoa jasho wanafunzi wa Kiingereza wa Ufaransa na Ujerumani. Na wengi wao jioni wako madrasani, ambako wamefundishwa kwa subira kutofautisha sini na swadi na thaa, ulimi ukae wapi, hewa ipite wapi. Mtoto aliyefundishwa makharija ya herufi anajua tayari kwamba sauti ngeni hujifunzwa kwa ulimi na sikio, kwa marudio. Waambie hivyo. Palipo na kazi ni kwenye irabu: sisi tunazo tano, Kiingereza kinafika kama ishirini, kwa hiyo cat, cut na cart zote zinaangukia kwenye "a" yetu moja.

Hapo ndipo ninapojibu swali lako la mwisho. Kiswahili hakiwaharibii. Kinawawekea vikwazo vichache tu, vya kutegemea mwanzo wa neno na vya irabu tano, na vikwazo hivyo vinajulikana, vinafundishika. Kwa mengine yote kinawasaidia. Neno "although" ukilieleza kwa "ingawa" linachukua sekunde tatu, halafu mnaendelea na hadithi. Ukilieleza kwa ishara na Kiingereza kitupu, kipindi kimekwisha. Na kibao cha shingoni, mwalimu, nakuomba ukikatae. Nilikivaa nikiwa darasa la tano, wiki nzima, na nilichojifunza wiki ile ni kunyamaza. Wewe unataka wazungumze.

Ili wazungumze, piga hesabu hii. Kipindi kina dakika 35. Ukiwauliza mmoja mmoja watoto 52, hata kama wewe mwenyewe hutasema neno, kila mmoja anapata sekunde 40. Wakizungumza wawili wawili kwa dakika kumi tu, kila mmoja anapata kama tano. Huhitaji madawati mapya. Safu ya kwanza inageuka kuitazama ya pili, ya tatu inaitazama ya nne, hakuna dawati linalosogezwa. Kelele itapanda, na hapo tena magunia ya usumba yatakulipa.

Wape kitu cha kusemezana chenye matokeo. Chora kadi: moja ina jahazi moja, nyingine ina majahazi mawili, moja ina punda mmoja, nyingine watatu. Zipange mbele ya mtoto wa pili. Wa kwanza anasema, "Show me the boats." Akiangusha ile s, mwenzake atamwonyesha kadi isiyo yake, na watabishana. Ubishi huo utafundisha wingi kuliko mimi na wewe kwa mwezi mzima.

Kuta zisijae. Mabango ya kununua watoto huacha kuyaona baada ya wiki mbili. Acha ukuta mmoja wa maandishi yao wenyewe, usawa wa macho yao, kwenye kamba na vibanio vya nguo, kwa sababu gundi haishiki kwenye chokaa. Ukuta mwingine uwe na sentensi chache za kuombea msaada, kama "Please say it again", ambazo mtoto anaweza kuzisoma pale ulimi unapokwama. Ubao upakwe upya rangi nyeusi isiyong'aa. Mtu mwenye macho mazima husoma herufi ya milimita 9 akiwa mita 6; kwa mtoto anayesoma lugha ngeni zidisha mara tatu au nne, uandike herufi za sentimita tatu.

Kwa makadirio yangu, vitabu na uchapishaji vitakula kama 95,000, magunia, fremu, rafu na fundi 50,000, spika 12,000, rangi ya ubao, manila na kadi 10,000. Zilizobaki usiziguse mpaka muhula wa pili, ununue vitabu vingine, ukishajua wamevipenda vipi.

Mambo matatu hayafai kuamuliwa kwa barua. Mtoto ambaye ataanguka kwenye jaribio la maneno hata akiwa mbele, na anakuomba urudie hata kwa Kiswahili, au anatokwa usaha sikioni, mpeleke na mzazi wake hospitali apimwe masikio, na yule anayekunja uso kutazama ubao apimwe macho. Kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu katika kaunti kitakusaidia kupanga yanayofuata. Kazi yoyote ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni. Na kama jengo lenu liko ndani ya Mji wa Kale, ambao tangu 2001 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, waoneni watu wa makumbusho kabla hamjatoboa ukuta hata tundu moja la kutundikia fremu. Kisha mwalike afisa wa mitaala wa eneo lenu aje siku ya jaribio la maneno, mkazisome karatasi za safu ya nyuma pamoja.